Sufuri Kumi na Mbili za Ouma

Tafadhali, vijana wangu, mtu asinitumie P9 yake kwa simu. Siioni. Ukinitumia picha ya karatasi yako ya ushuru naona mwanga mweupe tu, nami nitakujibu "sawa" kwa adabu, halafu utaenda kujaza vibaya na kusema Mama Zuhura ndiye aliyekwambia. Ukiwa na shida njoo Kaloleni, uliza nyumba yangu, keti, unisomee kwa sauti. Chai ipo. Sukari uje nayo mwenyewe, maana pensheni yangu na bei ya sukari hawasalimiani.

Nimechoka, sitawaficha. Nilikuwa karani wa mishahara kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha samaki hapa Kisumu, pale ufukweni ambapo mbuta, yule sangara wa ziwa letu, aliingia mzima na kutoka minofu, na mifupa yake, iitwayo mgongo wazi, ikauzwa kwa akina mama wa Nyalenda. Tangu nistaafu nimejibu maswali yaleyale niliyoyajibu kazini. Mama, kwa nini nakatwa hivi? Mama, hii rilifu ni kitu gani? Mwezi wa sita ukifika na siku ya mwisho ya ritani, ile taarifa ya ushuru ya kila mwaka, ikikaribia, mlango wangu haufungwi. Na makosa mnayoyafanya ni yale ya baba zenu, hamjabuni hata moja jipya. Ndiyo maana nimemketisha binti yangu Zuhura aandike huku nikisema. Mkiona mahali nimewatukana, mjue yeye tayari amepunguza.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Mzee Odhiambo wa Nyakach, mtu mfupi aliyebeba kalamu tatu mfukoni na moja tu ndiyo yenye wino. Wiki yangu ya kwanza alinipa karatasi ya mshahara ya mkata samaki mmoja akaniambia niisome. Nikaanza juu: jina, nambari, mshahara. Akaninyang'anya.

"Nyathina, mtoto wangu, mfanyakazi hasomi kutoka juu," alisema. "Yeye anaangalia chini kabisa, pale pesa yake iko. Na wewe anzia hapo. Halafu panda na yeye pole pole, umuonyeshe kila mwizi kwa jina yake."

Basi nanyi someni hivyo. Anza na ulichopokea, panda. Utakuta mkopo wako wa ushirika, huo uliutaka mwenyewe. Utakuta ushuru. Juu ya ushuru utakuta nafuu, ndiyo hiyo rilifu mnayoniuliza, na hapo ndipo wengi wenu mnaruka kama mnaruka tope. Nafuu ni kile ambacho serikali inakuachia baada ya kupiga hesabu yake. Kila mwenye mshahara ana elfu mbili mia nne kwa mwezi, uwe na mke mmoja, uwe na wanne, uwe unaishi na paka. Kuna mzee mmoja wa idara ya kufungasha aliniletea majina ya watoto kumi na mmoja yameandikwa vizuri kwa wino mwekundu, akitaka kila mmoja apate elfu mbili mia nne zake. Nilipomwambia haiwezekani, aliniuliza kama angalau mapacha hawawezi kufikiriwa.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa la bima. Sheria inasema ukilipa bima ya maisha, ya elimu au ya afya, unarudishiwa asilimia kumi na tano ya ulicholipa, na kuna kikomo chake. Sasa wakata samaki wetu walikuwa na chama cha mazishi. Nyinyi mnajua matanga ya huku yalivyo: mtu hazikwi kwa maneno. Kuna jeneza, kuna gari la kwenda nyumbani, kuna ng'ombe, kuna viti, kuna muziki usiku kucha. Kila mwezi kila mmoja alikatwa mchango kwenye mshahara, na karani aliyenitangulia alikuwa ameuandika mchango ule kwa jina la "bima". Nami nikauona ni bima. Nikawapa wote nafuu mwaka mzima. Walinipenda! Nilikuwa nikipita kwenye meza za kukatia, visu vinasimama, salamu zinamiminika.

Wakaguzi walipokuja, mmoja wao aliuliza hii bima ni ya kampuni gani. Nikasema ni ya marehemu. Mzee Odhiambo alifunga macho.

Ile nafuu ilibidi irudishwe, na ilikatwa kidogo kidogo kwenye mishahara yao kwa miezi mingi. Salamu zikakauka. Mkata samaki mmoja, mtu mkubwa wa Manyatta, alikuja dirishani na kushika nondo kwa mikono miwili.

"Mama Zuhura, mwaka hii mimi nimezika watu saba. Saba! Na serikali inasema hiyo si gharama?"

"Serikali haijui matanga, Baba," nikamwambia.

"Basi waambie wakuje Jumamosi. Tunazika wa nane."

Ninawaambieni hili kwa sababu mwezi uliopita kijana mwenye digrii aliniletea risiti za michango ya mazishi amezipanga kwa tarehe. Nilimpa chai.

Lakini hayo ni ya kuchekesha tu. Kinachonikosesha usingizi ni habari ya Ouma, na ni lazima niiseme yote, hata pale inaponivua nguo.

Ouma alikuwa fundi wa mtambo wa barafu. Kama hujawahi kusimama karibu na mtambo ule, huwezi kujua kelele ni nini. Alisimama pale tangu ujana wake, zamu baada ya zamu. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye ndevu chache, na alipenda kuja kwenye dirisha langu, si la makarani wengine. Kwa muda mrefu nilidhani ananiheshimu tu. Halafu siku moja alikuwa ameniuliza kitu, nami nikainamisha kichwa kutafuta jina lake huku nikimjibu. Nilipoinua uso alikuwa bado ananitazama, anangoja. Nikarudia maneno yaleyale nikimwangalia, akaitikia papo hapo. Nikainama tena makusudi, nikasema, "Ouma, nyumba yako inaungua." Hakutikisika.

Nilimwita pembeni wakati wa chakula. Nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti yoyote, "Husikii." Uso wake ulibadilika.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Sasa hivi nimeongea bila sauti, umenijibu."

Alikaa chini juu ya kreti ya samaki. Akaniambia masikio yalianza kuondoka taratibu, moja kisha la pili, na kwamba mambo ya watu huyasoma mdomoni. Makarani wengine wanaongea na karatasi, alisema, ila mimi ninainua uso. Hayo yalikuwa mafunzo ya Mzee Odhiambo, aliyenikataza kumjibu mtu nikiwa nimeinama. Daktari mmoja alikuwa amemwambia Ouma kwamba kuna vifaa vya kuvaa sikioni vitakavyomsaidia, lakini avipate mapema, kabla sikio halijazima kabisa. Bei yake ilikuwa mishahara kadhaa. Ouma alikuwa analea watoto wanne.

Sasa mimi, mwenye kujua kila waraka unaoingia ofisini, nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa, akiwa na cheti cha msamaha kutoka afisi ya ushuru, mshahara wa kiasi chetu haukatwi ushuru hata shilingi. Si nafuu ya kupunguziwa, ni msamaha wa kuachiwa. Ushuru wa Ouma ulikuwa elfu tatu na ushei kila mwezi. Nikamfanyia hesabu nyuma ya bahasha: kwa mwaka mmoja na nusu, masikio yake yangekuwa yamejilipia. Na nikamwambia jambo ambalo nataka mlishike nyinyi nyote: msamaha huu hautazami nyuma. Unaanza siku cheti kinapotolewa. Kila mwezi unaokaa kimya umekwenda.

Akatikisa kichwa. "Wakijua, wananitoa kwa mashini. Nani anaweka kiziwi kwa mashini?"

"Mficha uchi hazai, Ouma," nikamwambia, kwa ile sauti ya watu wanaojua methali za kuwapa wengine.

Alinitazama kwa muda. Mtu asiyesikia huona sana. Akasema, "Na wewe Mama? Hiyo rula?"

Hapa ndipo pagumu. Mezani kwangu kulikuwa na rula ya mbao, ndefu, nyeusi kwa kushikwa. Niliiweka chini ya kila mstari nilipokuwa nasoma. Kiwanda kizima kilisema Mama Zuhura ni mtu makini, na makarani wadogo wakanunua rula zao wakaniiga, hata wale wenye macho ya mwewe. Ukweli ni kwamba bila rula mstari ulinipotea. Nina presha ya macho, ile iliyompofusha mama yangu. Jicho langu la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na la kulia lilikuwa linafunga pembeni kama pazia. Niliinua uso na kumgeukia mtu kwa sababu nilifundishwa, ndiyo, lakini pia kwa sababu nisipogeuka sikumwona. Kompyuta zilipokuja nilimwomba fundi aniwekee maandishi makubwa, nikasingizia uzee. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

"Wewe unaitafuta na mkono kwanza," Ouma alisema. "Kila siku. Unapapasa, ndio unaangalia. Jicho ya huku haioni."

"Ninaona vizuri sana," nikasema.

"Basi na mimi nasikia vizuri sana." Akasimama. "Siku utaenda hospitali kupimwa, niambie. Tutaenda wawili. Peke yangu siendi."

Alitoa sharti lake kwa upole, hata alitabasamu. Nami nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Karani wa mishahara asiyeona! Wangeniweka wapi? Nilikuwa mjane, na Zuhura huyu anayeandika alikuwa chuoni. Nikajiambia Ouma ni mkaidi, kwamba nimemwonyesha mlango na miguu ni yake.

Miaka saba, wanangu. Miaka saba nilimkata Ouma ushuru kwa mkono wangu, kila mwezi, nikijua. Kila mwezi aliinama dirishani akatia sahihi, akanitazama, nikatazama pembeni. Kuna siku nilipiga hesabu ya jumla yake. Sitaitaja hapa. Wakati huo masikio yake yalikuwa yanazidi kuzima, na mimi niliona hilo pia, kwa hilo jicho moja. Niliogopa, ndiyo sababu pekee, na sijawahi kupata sababu nyingine nzuri zaidi.

Kisha king'ora kikalia. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Mtambo wa barafu hutumia amonia, na amonia ikivuja huna muda wa kuuliza. Tulikimbia wote hadi getini, macho yakituwasha, na kazi yangu katika siku kama hiyo ilikuwa kushika rejista na kuita majina. Nikapapasa rula yangu, nimeiacha ofisini. Nikaita kwa kichwa, kwa sababu majina yote niliyajua. Nilipofika kwa Ouma hakuna aliyeitika. Nikaita tena, kwa ujinga, kama kwamba kuita kungesaidia. Msimamizi akasema lazima ametoka kwa mlango wa nyuma, maana king'ora kile hata samaki walisikia.

"Hasikii!" nikapiga kelele. "Ouma ni kiziwi! Yuko ndani!"

Watu wawili waliingia na barakoa. Walimkuta amepiga magoti upande wa mbali wa mtambo, amefunika uso kwa shati, anatafuta mlango. Walimtoa akikohoa hadi machozi, akalazwa kwenye nyasi, akamwagiwa maji. Aliishi. Amonia haikumfanyia zaidi ya kumwachia kikohozi cha wiki mbili. Lakini alipokaa na kutazama midomo ya watu waliomzunguka, aliona neno moja linapita kutoka mdomo hadi mdomo. Kiziwi. Kiziwi. Akanitafuta kwa macho.

"Umenitoa nguo, Min Zuhura," alisema, akiniita Mama Zuhura kwa Kijaluo. "Mbele ya watu."

Na mimi, Mungu ndiye shahidi, sikupanga. Nilisema kwa sauti ambayo hata watu wa barabarani walisikia, "Basi na mimi. Jicho langu la kushoto halioni. La kulia linaona kidogo. Rula ile ni fimbo yangu. Ouma alijua, nikamkana. Sasa mnajua nyote." Karani mmoja mdogo alianza kulia, nadhani kwa ajili ya rula yake.

Juma lililofuata tulikaa kwenye benchi moja la hospitali, Ouma na mimi. Mimi nilimwambia jina lake lilipoitwa, naye aliniambia ni mlango upi. Madaktari watatu walimpima yeye, wakanipima mimi. Mmoja wao aliniuliza nimekuwa nikifanya kazi gani. Nilipomwambia, aliniuliza tena.

Shikeni njia yenyewe, kwa sababu kuna mmoja wenu anasoma hapa akiwa ameficha kitu. Unaanza hospitali ya serikali, unapimwa, wanaandika ripoti. Ukiwa na ripoti unajisajili kama mtu mwenye ulemavu, unapewa kadi. Mwajiri anaandika barua kueleza ulemavu unavyogusa kazi yako. Na barua hiyo usiiogope kama tulivyoiogopa sisi. Hapo ndipo unakwenda afisi ya ushuru. Cheti kikitoka kina tarehe ya kwisha, uiandike ukutani, kwa sababu hakuna atakayekukumbusha. Na hata ukiwa umesamehewa, ritani unajaza kila mwaka.

Ritani! Afisi ya ushuru Ouma alikataliwa, na sababu yake ilinifanya nikae chini. Yule bibi wa kaunta, mpole tu, alisema, "Lakini mfumo unaonyesha huyu mzee hana kazi. Miaka yote amejaza sufuri. Sasa anataka kusamehewa ushuru wa mshahara gani?"

Ouma, kama nusu ya kiwanda, alikuwa akienda saiba moja, duka la intaneti, pale Kondele kila mwezi wa sita. Dada wa saiba alikuwa akichukua shilingi mia mbili na kumjazia ritani ya sufuri, maana ya sufuri ni haraka, unabonyeza mara tatu kisha unaita mteja mwingine. Ritani ya sufuri ni kiapo kwamba mwaka mzima hukupata mapato. Ouma alikuwa amekatwa ushuru miezi yote na bado, kila mwaka, anaapa kwamba hana kazi. Na ile P9 niliyompa, yenye kila shilingi aliyolipwa na aliyokatwa, ilikuwa wapi? Niwaambie ilikuwa wapi. Niliwahi kununua njugu Kondele zikiwa zimefungwa kwenye P9, na muhuri wa kiwanda chetu, na sahihi yangu. Nilicheka nikala njugu. Sikuuliza kwa nini watu wetu wanauza P9 zao kwa wauza njugu. Nilidhani kazi yangu inaishia dirishani.

Tulizirekebisha sufuri zile moja baada ya nyingine. Ouma alisoma kwenye kompyuta, mimi nikamwambia cha kujaza. Tulichukua majuma kadhaa. Ukijaziwa ritani, vijana, keti karibu na anayejaza. Uliza anaweka nini. Ukiona sufuri na wewe una mshahara, simama ushike mkono wake.

Cheti cha Ouma kilitoka. Alihamishwa kutoka kwenye mtambo kama alivyoogopa, akapelekwa stoo ya makreti, na akapoteza posho ya zamu. Hilo sitalificha pia. Hata hivyo ushuru alioachiwa ulizidi posho ile, na stoo haina kelele.

Changu kilitoka wiki tatu baada ya mimi kustaafu. Cheti cha kusamehewa ushuru wa mshahara, kwa mtu asiye na mshahara. Zuhura alitaka kukitia kwenye fremu, nikamwambia akiweke chini ya godoro. Halafu nikabadili nia. Kiko ukutani, wageni wanadhani ni cha shule.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mtu alibisha hapa. Siku hizi naona kivuli tu mlangoni, kwa hiyo nilingoja kivuli kiseme.

"Min Zuhura. Ni Ouma."

Nilianza kumkaribisha kwa midomo mikubwa, kwa mazoea, nikiinua uso nilikodhani uso wake uko. Akacheka. Akaushika mkono wangu akaupeleka kwenye sikio lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kidogo pale, laini, cha moto kidogo. La kulia, aliniambia, lilishakufa. Daktari alisema lingefaa kama wangewahi miaka michache tu. Aliyasema hayo bila kunilaumu, na ningependa angenilaumu.

"Ongea kitu," akasema.

"Niongee nini? Karibu. Sukari umekuja nayo?"

Kisha akasema, "Kare! Kumbe sauti yako inakwaruza hivi? Miaka yote hiyo nimekusoma mdomo nikafikiria una sauti ya malaika."

Nilicheka hadi nikalia, na kilio kikabaki baada ya kicheko kwisha. Nikamwomba msamaha, kwa maneno yaliyonyooka, kwa miaka saba. Alisikia. Nilihakikisha alisikia, kwa sababu nilisema nikiwa nimeinama.

"Na mimi pia niliogopa," alisema. "Tuliogopa wawili. Wachana nayo."

Halafu nikasikia karatasi ikifunguliwa. Alikuwa amekuja na P9 yake ya mwaka, ya kwanza kamili tangu apate cheti. Alitaka niione. Nikamwambia siwezi, hata kwa rula. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Basi nitakusomea. Hii laini ya mwisho, ya ushuru." Akakohoa, akasafisha koo. "Januari, sufuri. Februari, sufuri. Machi, sufuri."

Alisoma pole pole, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe na hataki iishe. Aprili. Mei. Juni. Niliweka mkono juu ya karatasi, nikafuata mstari kwa kidole ingawa sikuona kitu. Alipofika Desemba alingoja.

Nikamwambia asome tena, aanzie chini.